Dondoo muhimu: Mashine ya gemu isitupwe mapema

Mashine nyingi za gemu za kumbini, zile za miaka ya 1980 na 1990, huzimika kwa hitilafu ndogo. Anza na umeme. Bodi nyingi zinahitaji volti 5 zilizotulia, hivyo pima pawa saplai kwa mita kabla ya kulaumu bodi. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja, ibadilishe.

Mwenye bodi ya Capcom CPS-2, iliyotoka 1993, asichelewe. Ndani yake kuna betri inayotunza ufunguo wa kufungulia gemu. Ikiisha, gemu inagoma mpaka fundi auandike ufunguo upya. Ikivuja, inakula njia za shaba, na hapo kazi ni kubwa. Ikaguliwe sasa.

Kitufe kikigoma, badilisha swichi iliyo chini yake, si paneli nzima.

Skrini ya chogo hubaki na umeme mkali hata ukichomoa waya. Mwachie fundi aliyeizoea. Ikifa kabisa, usiivunje wala kuipeleka jalalani, kwani kioo chake kina madini ya risasi. Wapelekee wanaokusanya taka za kielektroniki, ila bodi na nyaya nzima zivue kwanza uziweke akiba.