Kufundisha Jambo Lisiloonekana: Gesi Mbele ya Kiini cha Galaksi

Mwalimu wa Sayansi afundishapo habari za galaksi hukabiliwa na swali la haki: "Nani alikwenda huko akaona?" Akijibu kwamba wataalamu wamesema, somo limekufa. Katika makala haya tunapendekeza njia ya kulijibu kwa mambo anayoyafahamu mtoto wa Majengo, Moshi.

Tuanze na mlima. Mara nyingi Kibo hufichwa na mawingu, lakini redio nyumbani huendelea kusema. Mawimbi ya redio hupenya panapozuia nuru. Ndivyo ilivyo kwa galaksi ya Centaurus A, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12. Usiku wa mwezi Mei, tukiupa mlima kisogo na kutazama kusini, tunaelekea upande wake, ingawa macho matupu hayaioni. Ukanda wa vumbi umekificha kiini chake, lakini darubini za redio hukifikia. Kiini hicho, chenye shimo jeusi, hurusha mikondo miwili ya chembe ziendazo kasi, nayo hutoa mawimbi ya redio. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliipima galaksi hiyo hiyo kwa mionzi ya eksirei.

Gesi ya haidrojeni hunyonya mawimbi yenye urefu wa sentimita 21. Ikikaa mbele ya kiini, huyapunguza kama moshi wa kuni upunguzavyo mwanga wa taa. Gesi ikitujia, mawimbi yaliyopunguzwa huonekana mafupi zaidi. Ikituacha, huonekana marefu zaidi. Wanafunzi wakumbushwe honi ya basi: likija, sauti ni nyembamba, likishapita, ni nene.

Hatua za somo

1. Uwanjani, mwanafunzi mmoja ashike taa. Huyo ni kiini. Wa pili asimame katikati. Huyo ni gesi. Darasa lote likae mbali. Hao ni sisi.

2. "Gesi" atembee akituacha. Mwalimu aulize: anaelekea wapi? Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba anakwenda kwenye taa, yaani gesi inaangukia kiini.

3. Sasa atujie. Watatambua kwamba gesi inaondoka kwenye kiini.

4. Mwisho apite kwa upande, kushoto kwenda kulia. Hatujii wala hatuachi. Basi kipimo hakibadiliki. Gesi izungukayo kiini yaweza kutudanganya hivyo.

Baada ya zoezi, mwalimu aeleze mfano wa kweli. Mwaka 1998, wataalamu waliotumia darubini za redio za Australia walitangaza kwamba katika galaksi ya IC 5063 kuna haidrojeni itujiayo kwa kasi ya karibu kilomita 700 kwa sekunde. Walihitimisha kwamba inasukumwa nje. Jambo hili ni zito, kwani nyota huzaliwa kutokana na gesi. Galaksi inayofukuza gesi yake inapoteza mbegu za nyota zijazo.

Tunamsihi mwalimu agawe ubao sehemu mbili: "Tulichopima" na "Tulichohitimisha". Urefu wa wimbi uandikwe upande wa kwanza. Kuanguka au kusukumwa kwa gesi, upande wa pili. Mtoto azoeaye kutenganisha mambo hayo amepata jibu la swali lake: hakuna aliyekwenda huko, bali tumepima, kisha tukafikiri. Tena amejifunza kuuliza hivyo hivyo juu ya kila habari atakayoletewa.