Hongo Ina Mikono Miwili

Soma Yeremia 5:26–31. Mbali na viongozi, ni nani mwingine anayehusika na uovu huu?

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliwalipa watemi wa njiani hongo ya nguo, shanga na nyaya ili ipite. Ilikuwa ada iliyolipwa hadharani. Leo neno hilohilo ni rushwa ya sirini, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Yeremia naye hakuwaishia manabii na makuhani. Aliwaonyesha watu kwamba wao wenyewe waliyapenda mambo hayo.

Ni lini ulilipa “ili upite”, kisha ukamlaumu aliyepokea peke yake? Utaanzaje kutubu?