Densiti ya Mbao za Mikaratusi na Utengenezaji wa Karatasi

Wanafunzi wengi hupoteza alama katika mada hii kwa kosa moja: wanapima maji wakidhani wanapima mbao. Fuata hatua zifuatazo kwa makini.

1. Maana

Densiti ya msingi ni tungamo la mbao zikiwa kavu kabisa, likigawanywa kwa ujazo wa mbao hizo zikiwa mbichi.

Densiti ya msingi = tungamo kavu ÷ ujazo mbichi

Ujazo hupatikana kwa kuzamisha kipande kibichi kwenye maji na kupima kiasi cha maji yaliyohamishwa. Kisha kipande hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 105 hivi za Selsiasi, hadi tungamo lake lisipungue tena.

2. Mfano

Mti A: ujazo sm³ 200, tungamo bichi g 190, tungamo kavu g 100.
Mti B: ujazo sm³ 200, tungamo bichi g 210, tungamo kavu g 80.

Upi una densiti kubwa zaidi?

A: 100 ÷ 200 = g 0.5 kwa sm³, sawa na kg 500 kwa m³.
B: 80 ÷ 200 = g 0.4 kwa sm³, sawa na kg 400 kwa m³.

Jibu ni A. Anayetumia tungamo bichi atachagua B, kumbe uzito wa ziada ni maji tu.

3. Uhusiano na karatasi

Kiwandani, mbao hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi. Kemikali hizi huyeyusha lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi. Nyuzi zinazobaki ndizo rojo la karatasi.

Tuchukulie nusu ya tungamo kavu hubaki kuwa rojo. Mita moja ya ujazo ya A itatoa kg 250, na ya B kg 200. Hivyo tani moja ya rojo itahitaji m³ 4 za A au m³ 5 za B. Ukichagua B, utakata na kusafirisha mbao nyingi zaidi kwa rojo lilelile.

4. Je, mbao nzito zaidi ndizo bora zaidi?

Hapana. Densiti ikizidi sana, kemikali hupenya polepole, visu huisha makali upesi, na nyuzi zenye kuta nene hazilali bapa wala kushikana vizuri. Kwa kawaida densiti ya kadiri, kati ya kg 450 na 600 hivi kwa m³, ndiyo hufaa. Ndiyo maana *Eucalyptus grandis* hupandwa sana Brazili, na *Eucalyptus globulus* Ureno, kwa ajili ya rojo.

Kumbuka pia: nyuzi za mkaratusi ni fupi, kama mm 1, hivyo hufaa karatasi laini za kuandikia na za chooni. Nyuzi za msindano hufikia mm 3 hivi na hufaa mifuko imara, kama ya saruji.

5. Jipime

Kipande C kina ujazo wa sm³ 150, tungamo bichi g 165 na tungamo kavu g 105. Tafuta densiti yake ya msingi, kisha eleza kama kinafaa kwa rojo.

*Jibu:* 105 ÷ 150 = g 0.7 kwa sm³, sawa na kg 700 kwa m³. Hakifai sana, kwa kuwa densiti yake imezidi kadiri. Taja angalau sababu mbili kutoka sehemu ya 4.