Taarifa isiyo na jina kwenye kundi la wakulima: ipokelewe au itupwe?

Swali hili naulizwa sana na wenye makundi ya WhatsApp, ya kahawa huku Mbinga na ya mpunga na muhogo kule Mbamba Bay na Liuli: mtu akileta taarifa lakini hataki jina lake lijulikane, tuipokee?

Mimi naangalia kwanza ni taarifa gani. Tuseme mtu kaandika, "Chulebuni imeingia, pigeni dawa." Imeingia wapi? Ugonjwa huu unapenda ubaridi na unyevu, kwa hiyo shamba la mlimani si sawa na la bondeni. Ni miti ya zamani, au ile miche ya TaCRI inayovumilia chulebuni na kutu ya majani? Mara ya mwisho alipiga dawa lini? Kama hakuna wa kumuuliza, watu thelathini wanakimbilia dukani kununua kopa kwa hofu tu, na hela imekwenda. Taarifa ya shambani isiyo na jina, kijiji wala picha, mimi siifanyii kazi.

Lakini ikiwa mizani inachezewa, au kuna mtu anafanya magoma, yaani ananunua kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, hapo mambo ni tofauti. Kijana anayedaiwa na mtu huyohuyo atasimama vipi amtaje? Ukimlazimisha jina, umemwambia anyamaze. Na madai ya mizani yanapimika bila yeye: chukua gunia moja, lipime kwenye mizani mbili. Kama ni rushwa, piga 113 TAKUKURU, ni bure, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015. Kumtangaza mtu mwizi kwenye kundi kabla ya kupima, hapana jamani.

Halafu msidanganyane: kwenye WhatsApp kuacha jina si kujificha. Namba inaonekana, na laini zimesajiliwa kwa alama za vidole.

Ninachoshauri ni kuchagua mtu mmoja wa kupokea taarifa. Yeye anamjua mleta habari, anamuuliza maswali, anahakiki, kisha anaiweka kwenye kundi bila jina. Asiwe muuza pembejeo wala mnunuzi wa mazao. Na majina asiyaandike kwenye simu ya kundi, maana uongozi ukibadilika simu hiyo inakwenda kwa mwingine.