Kijana Wetu Anataka Kuwa Mwanamaji: Kikundi Kijue Nini?



Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama huku Mwanda kiliombwa mkopo na mwanachama wake ili ampeleke kijana wake Jeshi la Wanamaji. Pesa alizotaka zilikuwa nyingi kuliko akiba yao ya mwaka mzima. Alipoulizwa ni za nini, alisema nauli, vitu vya safari, halafu akanong'ona, "na za yule mtu." Wenzake wakatuuliza: tutoe ama tusitoe? Tumeona afadhali tuwajibu nyote, maana swali hili linasumbua nyumba nyingi.

Kwanza tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi hawajui mtoto anaenda wapi.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, na makao yake ni Mtongwe, upande wa Likoni kule Mombasa. Basi mzazi hufikiri mwanawe ataanzia hapo, karibu na nyumbani, akifunzwa meli. Sivyo. Kuruta wa majeshi yote matatu, yaani nchi kavu, wanahewa na wanamaji, huanza pamoja katika shule ya kuruta iliyoko Moi Barracks, Eldoret. Huko hakuna bahari. Kuna baridi, mvua, na uwanja wa gwaride. Eldoret iko juu kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Sasa angalieni Vuria yetu hapo juu, ina mita 2,208. Kijana aliyekulia Mwanda, aliyezoea ukungu wa asubuhi na kupanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe, ana nafuu kubwa kuliko mwenzake wa Voi ambaye kifua chake hakijazoea hewa ya juu. (Msiwacheke watu wa Voi, nao wana yao.)

Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi. Nywele hunyolewa. Nguo za nyumbani huwekwa kando na kila mtu huvaa sare moja. Kuruta huamka kungali giza, hukimbia, hutandika kitanda kwa namna moja tu inayokubaliwa, hupiga gwaride mpaka miguu iwake moto. Atapigiwa kelele. Atakosea mwenzake mmoja, na kundi zima litaadhibiwa. Kijana ambaye nyumbani hakuna aliyemwambia "fanya" akafanya, huyo ataona jela. Lakini makelele yale yana sababu yake. Melini moto ukishika, hakuna pa kukimbilia, na hakuna nafasi ya kubishana ni nani ashike mpira wa maji. Mtu lazima awe amezoea kutii mara moja na kumfikiria mwenzake. Zaidi ya gwaride kuna masomo ya darasani, huduma ya kwanza, kutunza na kutumia silaha, na kulala porini. Ninyi wazazi msitarajie simu kila jioni. Kimya si lazima kiwe habari mbaya.

Mwisho wa mafunzo hayo kuna gwaride la kuhitimu, na ndipo mwanamaji hushuka Mtongwe kujifunza mambo ya bahari: kuogelea, kamba na mafundo, mashua, kuzima moto, kazi za melini. Hapa ndipo vijana wetu wa milimani hushikwa na hofu, kwa kuwa maji mengi waliyoyaona ni ya kijito. Afadhali kijana mwenye ndugu Mombasa ajifunze kuogelea mapema, akiwa na mtu anayejua. Tafadhali asijifunze peke yake kwenye bwawa la shamba. Hatutaki msiba kwa sababu ya kazi ambayo bado hajaipata.

Sasa turudi kwa "yule mtu".

Kuandikishwa jeshi Kenya ni bure. Tangazo hutoka magazetini na kwenye mtandao wa jeshi, likieleza tarehe na uwanja wa kila eneo, masomo yanayotakiwa na umri. Vipimo ambavyo vimekuwa vikitajwa ni urefu usiopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Wasichana pia huchukuliwa, mradi asiwe na mimba, siku ya kuandikishwa na muda wote wa mafunzo. Na msiseme jeshi si la wanawake: Fatuma Ahmed aliingia mwaka 1983, na mwaka 2018 akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kufikia cheo cha Meja Jenerali.

Siku hiyo uwanjani wanaangalia kitambulisho na vyeti halisi, wanakimbiza vijana, halafu daktari anapima meno, macho, miguu, damu. Katika hayo yote, "yule mtu" anasaidia wapi? Hawezi kumrefusha mtoto wala kumkimbilia. Anachouza ni barua. Na zaidi ya mara moja vijana wamefika lango la Eldoret na barua za kuitwa zilizo bandia, wakakamatwa pale pale. Ng'ombe ameuzwa, shamba limewekwa rehani, na mtoto yuko selo. Tena Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea: kifungo hadi miaka 10, ama faini hadi shilingi milioni 5, ama vyote viwili. Kikundi kikitoa mkopo kikijua ni wa hongo, viongozi wake wasidhani wako salama.

Kwa hiyo jibu letu kwa wale akina mama lilikuwa hivi: za yule mtu, hapana hata senti. Nauli ya kwenda uwanjani, sawa. Nakala za vyeti, kitambulisho kilichopotea, kung'oa au kuziba jino bovu mapema, jozi ya viatu vya kukimbilia, hayo ni mambo ya mkopo mdogo unaolipika. Barua ya kweli ikija, huwa na orodha ya vitu vya kubeba. Hapo tena kikundi kinaweza kusaidia. Kijana naye aanze kukimbia miezi kadhaa kabla, si wiki moja kabla, na ajizoeze kunawa na kufua mwenyewe bila kungoja dada yake.

Jambo moja tusilifiche. Wanaojitokeza uwanjani ni wengi mno na nafasi ni chache. Wengi hurudi nyumbani jioni hiyo hiyo, na wengine walikuwa wazuri kabisa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kijana wetu akirudi bila kuchukuliwa, tutampokeaje? Ana shughuli gani ya kushika kesho yake? Katiba yetu inasema nini juu ya mkopo ambao mwombaji hataki kueleza matumizi yake? Na je, "yule mtu" anajulikana hapa kijijini? Nani atakwenda kuzungumza na chifu?