Kipindi cha pili miguu inakataa

SWALI: Nina miaka 15, nacheza kiungo. Nakimbia kilomita 10 kila siku, lakini ikifika dakika ya 60 nimeishiwa pumzi. Nakosea wapi?

JIBU: Mpira si mbio za mwendo mmoja. Ni kuchomoka, kupunguza, kuchomoka tena. Mara mbili kwa wiki, kimbia kwa kasi sekunde 30, tembea sekunde 30, urudie mara 8. Siku moja pumzika kabisa, kwani misuli hujijenga mwili ukitulia. Lala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Kula wali, ugali au viazi saa 3 hivi kabla ya mechi, na unywe maji wakati wa mapumziko. Ukipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, toka uwanjani, umwone daktari.