Picha Nayo Iandikwe Kwenye Rejesta

Kitabu kikifika maktabani kwetu hakipandi rafuni siku hiyohiyo. Kinapigwa muhuri, kinaandikwa kwenye rejesta, kinapewa namba ya uainishaji, kinabandikwa kibandiko mgongoni. Cha historia ya Tanzania kitakwenda 967.8, na atakayekitafuta miaka 20 ijayo atakikuta hapo. Nimeifanya kazi hii miaka 11 katika maktaba ya chuo kikuu, na sijawahi kumwona mkutubi akiweka kitabu rafuni bila namba.

Picha, lakini, tuliziweka hivyo. Tulipoanza kutengeneza miongozo ya utafiti mtandaoni, zile kurasa zinazomwonesha mwanafunzi vitabu, majarida na hifadhidata za somo lake, kila mkutubi alipakia picha alizozipenda, popote alipozipata, kwa jina lolote. Wa kwanza kufanya hivyo nilikuwa mimi, katika mwongozo wangu wa historia ya Kilwa. Haya ndiyo niliyojifunza humo.

1. Kupunguza upana si kupunguza uzito

Nilikwenda Kilwa Kisiwani na simu yangu, nikapiga picha za magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa, nikapakia 9 kati ya hizo kama zilivyo. Zilipotokea kubwa mno, nikashika kona ya kila moja na kipanya nikaivuta hadi ikaenea safu ya katikati. Kwenye kompyuta ya ofisini ukurasa ulifunguka bila shida, nikaridhika.

Wanafunzi wetu wengi hawatumii kompyuta ya ofisini. Wanafungua mwongozo kwenye simu, kwa bando walilolinunua kwa fedha ya chakula. Simu ya kawaida siku hizi hutoa picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Ukiivuta kona inaonekana ndogo, ila faili linalosafiri hadi kwenye simu ya msomaji ni lilelile. Picha 9 za megabaiti 4 ni megabaiti 36, kabla mwanafunzi hajasoma hata jina la kitabu kimoja.

Siku hizi napunguza faili lenyewe kabla ya kulipakia: upana wa pikseli 1,200, umbizo la JPEG, ubora wa 80 kati ya 100. Kwa kawaida linashuka hadi kilobaiti 200 au 300, na macho hayaoni tofauti. Michoro ya mistari na picha zenye maandishi nazihifadhi kama PNG, kwa sababu JPEG huzichafua herufi pembeni. Picha asilia siifuti. Naiweka kwenye folda yake, maana kuna siku mtu ataihitaji kwa bango.

2. Picha iliyoko kwa mwenzako iko kwa mwenzako

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wetu tuliifuata: badala ya kupakua picha na kuipakia kwetu, unanakili anwani yake na kuuambia ukurasa wako uichote huko iliko. Inafanya kazi siku hiyo. Siku wenye tovuti wakipanga upya kurasa zao, kwako yanabaki masanduku matupu. Mimi niliyaona masanduku 4 nikiwa mbele ya darasa la mwaka wa kwanza, projekta ikiwaka. Tena kila msomaji wako anapofungua ukurasa, unatumia seva ya mtu mwingine bila kumwomba. Ukiwa na ruhusa ya kuitumia picha, ihifadhi kwako. Usipokuwa nayo, weka kiungo cha maandishi kinachompeleka msomaji kwa mwenyewe.

3. "Nimeitoa Google" si chanzo

Hapa ndipo niliposhikwa pabaya. Picha mojawapo ya Husuni Kubwa, nzuri kuliko zangu zote, niliikuta kwenye matokeo ya utafutaji nikaiweka, na chini yake nikaandika kwamba imetoka mtandaoni. Miezi michache baadaye maktaba ikapokea barua pepe kutoka kwa mpiga picha. Aliandika kwa adabu: picha ni yake, hakuulizwa, na hata jina lake halikuandikwa. Nilijisikia vibaya, kwa sababu kila muhula nawafundisha wanafunzi kutaja vyanzo vyao. Niliiondoa siku hiyohiyo, nikamwandikia kumwomba radhi, kisha nikamwomba ruhusa. Aliitoa, kwa sharti jina lake lisomeke. Kumbe kuuliza kungenigharimu dakika 10.

Tangu siku hiyo najua kwamba kutaja chanzo ni jambo moja na kuwa na ruhusa ni jambo jingine. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mpiga picha analindwa nayo kama anavyolindwa mwandishi. Picha kuwa wazi kwa kila mtu kuiona hakuifanyi kuwa mali ya kila mtu.

Habari njema ni kwamba picha halali zipo nyingi. Leseni za Creative Commons zilianza kutolewa mwaka 2002, na herufi zake si ngumu kuzisoma: BY, mtaje mwenye kazi, SA, ukiibadilisha itoe kwa leseni ileile, NC, usifanyie biashara, ND, usisambaze iliyobadilishwa, kwa hiyo usianze kuichorea mishale. CC0 maana yake mwenyewe ameachia haki zake zote. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilifungua picha zipatazo milioni 2.8 kwa njia hiyo Februari 2020. Wikimedia Commons nayo ina maktaba kubwa, ila usitosheke na jina la tovuti. Fungua ukurasa wa picha yenyewe usome masharti yake.

Kwa Kilwa nilipata kitu nilichokipenda zaidi ya picha ile niliyoinyakua: mchoro wa mji uliochapwa Köln mwaka 1572 katika Civitates Orbis Terrarum ya Georg Braun na Frans Hogenberg, mji ukiwa umeandikwa Quiloa. Una zaidi ya miaka 450. Hakuna wa kuudai.

Picha za kale zina deni la aina nyingine. Maktaba ya Herskovits katika Chuo Kikuu cha Northwestern, jimboni Illinois, inahifadhi Mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Ni hazina. Lakini katika picha za enzi zile mara nyingi mzungu anatajwa kwa jina na cheo, na watu wetu wanaandikwa kwa kabila au kwa kazi tu, pengine kwa neno la kudharau. Nikitumia picha ya namna hiyo, maelezo ya awali nayaweka ndani ya alama za kunukuu na kusema ni ya nani na ya lini, kisha naandika maelezo yangu. Hawa ni babu na bibi za wasomaji wetu. Kunakili tusi kwa sababu lilikuja na picha si uaminifu wa kikutubi.

4. Asiyeona naye ni msomaji wa picha

Alikuja mezani kwangu mwanafunzi wa mwaka wa pili, asiyeona, na kompyuta yake mpakato.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Madam, huu mwongozo wa Kilwa kuna mahali unanisomea herufi na namba tu. Hapo kuna nini?"

Akanipa kisikilizi kimoja. Alikuwa anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Ilipofika kwenye picha zangu ikasoma I, M, G, kisha tarakimu moja baada ya nyingine, kisha jpg. Mara 9. Yale ndiyo majina simu yangu ilizipa picha, na mimi sikuandika jingine.

Kila picha ina nafasi ya maandishi mbadala, maneno ambayo programu humsomea asiyeona, na ambayo hutokea pia picha inapokataa kufunguka. Nilirudi nikayaandika kwa picha zote, nikiwa na haraka ya kulipa kosa: "Picha ya Msikiti Mkuu." Nikamwita asikilize. Akasema asante, kisha akauliza, "Na anayeona, anaona nini?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi. Anayeona haoni jina la msikiti. Anaona nguzo za mawe zenye pembe nane, matao juu yake, na paa la kuba. Nikaandika hivyo. Neno "picha ya" nikalitoa, kwa kuwa programu yenyewe hutangaza kwamba hapa pana picha.

Baadaye picha ileile ikatumika katika mwongozo wa uhifadhi wa urithi, na pale maelezo yakabadilika. Mwanafunzi wa uhifadhi anataka kujua hali ya mawe ya matumbawe, wapi plasta imebanduka, wapi pamekarabatiwa. Anataka na mwaka: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014. Picha isiyo na tarehe haimwambii ni Kilwa ya kabla au ya baada. Si kila picha huhitaji maelezo: pambo lisilo na habari, kama mstari wa nakshi, liachiwe nafasi tupu ili programu ilipite kimya.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nisingeligundua bila yeye. Maelezo yangu ya Kiswahili yalikuwa yanasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, kiasi kwamba "nguzo za mawe" hazikueleweka kabisa. Ukurasa wetu ulikuwa umetangazwa kwa kompyuta kuwa ni wa Kiingereza. NVDA huja na sauti ya eSpeak, na eSpeak inajua Kiswahili. Haikuwa na namna ya kujua kwamba ibadilike. Tulipoweka alama ya lugha, lang="sw", kwenye sehemu za Kiswahili, sauti ikabadilika palepale. Kijana alicheka kwa furaha hadi watu wa meza ya jirani wakageuka.

5. Picha ya skrini huzeeka mapema

Mfumo wa katalogi ukiboreshwa, vitufe vyote ulivyovionesha kwa mishale myekundu vinahama. Picha za namna hiyo ninazo chache tu sasa, kila moja ina tarehe, na hatua zilezile zimeandikwa kwa maneno chini yake. Kabla ya kuipiga natoka kwenye akaunti ya kazi, kwa sababu niliwahi kuchapisha skrini yenye jina la mwazimaji na kitabu alichochelewesha. Hiyo ni siri ya msomaji, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

6. Rejesta

Mwenzetu mmoja alipohama alituachia miongozo 14 yenye picha zisizo na chanzo. LibGuides, programu tunayoitumia kutengenezea miongozo, ina hifadhi ya picha ya mtu binafsi na hifadhi ya pamoja. Zake zote zilikuwa katika ile ya binafsi. Tulichukua wiki mbili kufuatilia, na nyingi tulizifuta kwa kukosa uhakika.

Sasa picha inaingia hifadhi ya pamoja na mstari wake unaingia kwenye rejesta, lahajedwali lenye safu 7: namba, jina la faili, mwenye picha, leseni au barua ya ruhusa, tarehe iliyopigwa, maandishi mbadala, na miongozo inayoitumia. Jina la faili linasema kilichomo: kilwa-msikiti-mkuu-nguzo, si tarakimu za simu. Ruhusa ya watu waliomo pichani, hasa wanafunzi, tunaihifadhi vilevile.

Mwongozo wa Kilwa sasa una picha 5. Namba 1 katika rejesta ni Quiloa ya mwaka 1572. Namba 2 ni ya yule mpiga picha, na jina lake linasomeka.